Ndigana kali: kwa nini chanjo inataka subira

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mfugaji mmoja kijana hapa Nyakisasa alinunua mitamba miwili chotara kwa mkopo. Nikamshauri achanje ndigana kali, akachanja. Siku ya tano akawarudisha malishoni bila kuwaogesha. Wiki ya tatu mmoja akavimba tezi chini ya sikio, akapandisha homa, akaanza kuhema. Alipoitwa daktari wa mifugo mapafu yalishajaa maji, na mtamba akafa. Kijana akaniuliza, "Afisa, chanjo ni moja, siku ni moja. Mbona mmoja kafa?" Nilikuwa nimemwambia achanje. Sikumwambia asubiri. Na deni bado analipa.

Adui anajificha wapi?

Ndigana kali huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachoenezwa na kupe wa masikio wa rangi ya kahawia. Kikiingia mwilini hakikai kwenye damu kusubiri kukamatwa. Ndani ya dakika chache kinaingia kwenye seli nyeupe, zilezile za ulinzi, na kuzilazimisha zigawanyike ovyo. Seli ikigawanyika, nacho kinagawanyika. Ndiyo maana matezi huvimba.

Kingamwili za kwenye damu haziwezi kukifuata humo ndani. Kazi hiyo ni ya askari wengine: seli T wauaji.

Muuaji anajuaje seli ipi imeingiliwa?

Mnamjua karani wa kahawa pale chama cha msingi. Hafungui gunia. Anachoma bambo, anatoa punje chache, anatazama. Seli za ng'ombe zinafanya karibu hivyo, ila zenyewe ndizo zinatoa sampuli. Kila seli hukata vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake na kuvitoa nje juu ya visahani vilivyo kwenye ngozi yake. Visahani hivyo ni molekuli ziitwazo MHC. Seli T muuaji anapita, anagusa kisahani, anasoma kipande. Kikiwa cha mwili wenyewe, anapita. Kikiwa cha kijidudu anachokijua, anaiua seli ile.

Muuaji husoma vyote viwili, kipande na kisahani, kwa pamoja. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1974 na Peter Doherty, ambaye kwa taaluma ni daktari wa mifugo wa Australia, pamoja na Rolf Zinkernagel wa Uswisi. Mwaka 1996 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa ng'ombe ushahidi ulitoka jirani tu, Nairobi. Mwaka 1994 watafiti walichukua seli za wauaji kutoka kwa ndama mwenye kinga wakampa pacha wake wa kufanana asiye na kinga. Pacha yule akahimili ugonjwa. Kwa nini pacha? Kwa sababu visahani vyao ni vilevile.

Hapo ndipo jibu la kijana lilipo

Kwanza, wauaji hawazaliwi wakiijua ndigana. Chanjo ni vijidudu hai vinavyochomwa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili kuupunguza makali ugonjwa, huku wauaji wakijifunza na kuongezeka. Hilo linataka wiki tatu hadi nne. Kupe akiuma mapema, anakuta jeshi bado liko mafunzoni.

Pili, kila ng'ombe amerithi visahani vyake. Huyu anaonyesha kipande hiki, yule kingine. Kijidudu cha aina nyingine kikija na kipande kilichobadilika, wauaji wa ng'ombe mmoja wanaweza kukitambua na wa mwingine wakakipita. Ndiyo maana chanjo ya Muguga ina mchanganyiko wa aina tatu.

Tatu, nyati. Vijidudu vyao vina sura nyingi kuliko hizo tatu. Wewe unayechunga karibu na Hifadhi ya Burigi-Chato, chanjo peke yake haikutoshi.

Ufanye nini?

- Mchanjaji awe amefunzwa. Chanjo hutunzwa kwenye naitrojeni ya maji, siyo kwenye friji ya duka.
- Pima uzito kwa utepe, usikisie. Oksitetrasaiklini ya asilimia 30 ni mililita 1 kwa kila kilo 10. Ukipunja dawa, chanjo yenyewe inaweza kumuua mnyama.
- Baada ya kuchanja, ogesha na kagua masikio kila siku kwa wiki nne.
- Ukiona tezi la chini ya sikio limevimba na joto limezidi nyuzi 39.5, ita daktari siku hiyohiyo. Buparvakwoni inasaidia mapema. Mapafu yakishajaa umechelewa.
- Endelea na josho. Chanjo hii haizuii ndigana baridi, kukojoa damu wala maji moyo.

Yule mtamba wa pili alipona, na mwezi uliopita kazaa. Ndama wake tutamchanja, na safari hii siku nahesabu mimi mwenyewe.