Mazoezi ya Mtoto na Kocha Wake: Kijitabu cha Familia za Remera

Watoto wa Remera, jijini Kigali, wanakua karibu na viwanja vikubwa. Uwanja wa Amahoro, wenye viti 45,000 tangu ulipofunguliwa upya Julai 2024, uko hapa hapa, na BK Arena iliyoanza kazi mwaka 2019 ni jirani yake. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mtoto anayeona hayo hutamani jezi, na mzazi wake huanza kuletewa habari: kuna akademi mpya, kuna kocha anayekuja nyumbani, kuna jimu inayopokea watoto. Kabla ya kulipa ada, jiulize mambo mawili. Je, zoezi hili linaufaa umri wa mwanangu? Na huyu anayemfundisha ni nani?

1. Mfupa wa mtoto bado unakua

Methali ya "samaki mkunje angali mbichi" hutajwa sana na wanaotaka watoto wakazwe mazoezi mapema. Methali hiyo inahusu malezi na tabia, si mifupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na hufunga mtoto anapomaliza kubalehe. Mtoto akirudia tendo lile lile mara mamia kila siku, kama kupiga mikwaju au kuruka, anaweza kuanza kuumwa goti, kisigino au bega. Jeraha kubwa mahali hapo linaweza kuupinda mfupa au kuuacha mfupi. Kwa hiyo mtoto anayelalamika maumivu asiambiwe "vumilia". Apumzishwe, na maumivu yakiendelea apelekwe kituo cha afya.

2. Kiasi kinachofaa

Shirika la Afya Duniani linashauri hivi:

- Miaka 3 na 4: dakika 180 za kuchezacheza kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu ya wastani au zaidi.
- Miaka 5 hadi 17: wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi yanayomfanya aheme. Angalau siku 3 kwa wiki ziwepo za kuimarisha misuli na mifupa: kukimbia, kuruka kamba, kupanda.

Kutembea kwa haraka kupanda vilima vyetu na kucheza mpira uani vinahesabika.

Kwa mazoezi ya klabu au akademi, madaktari wa watoto wana kipimo rahisi: saa za mchezo kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Mwenye miaka 9 asipite saa 9. Apate siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, na kwa mwaka aache mchezo huo jumla ya miezi 2 au 3. Ni vyema ajaribu michezo mbalimbali, na asubiri hadi miaka 15 au 16 ndipo ajifunge kwenye mmoja.

*Je, mazoezi ya nguvu humdumaza mtoto?* Hapana, mradi yafundishwe vizuri na kusimamiwa. Mtoto wa miaka 7 au 8 anayeweza kufuata maelekezo anaweza kuanza na pushapu, kuchuchumaa na vyuma vyepesi. Asichopaswa kufanya ni kushindania chuma kizito kabisa kabla mwili haujakomaa.

3. Afya kwanza

Mweleze mhudumu wa afya kama mtoto amewahi kuzimia au kuumwa kifua akikimbia, au kama katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Kadi ya bima ya afya ya mituweli iwe hai wakati wote. Usipuuze maumivu makali ya koo: yakisababishwa na bakteria na yasitibiwe, yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na ugonjwa huo bado unaumiza watoto wa ukanda wetu. Mwenye pumu anaweza kucheza, mradi kocha ajue na dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

Chakula cha kawaida kinatosha: maharage, isombe, sambaza, mayai, maziwa, matunda, na maji ya kutosha. Unga na vidonge vya "kujenga mwili" si vya mtoto.

4. Maswali ya kumuuliza kocha

Aliyecheza vizuri si lazima ajue kufundisha. Muulize bila haya:

1. Umesomea wapi ukocha? Kwa soka, omba kuona leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Ngazi ya D ni ya kuanzia, kisha C, B na A. Ukiwa na shaka, uliza FERWAFA, shirikisho la soka la Rwanda. Kwa mchezo mwingine, uliza shirikisho lake.
2. Umefundishwa huduma ya kwanza? Sanduku lake liko wapi?
3. Watoto wangapi kwa kocha mmoja, na wamegawanywa kwa umri?
4. Mtoto akiumia, unamwita nani kwanza?
5. Mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama?

Kocha mzuri hupasha watoto misuli moto, huwapa nafasi ya kunywa maji, na huwasahihisha bila matusi. Anayechapa watoto, anayewanyima maji kama adhabu, au anayempa mtoto dawa ya maumivu ili acheze, hafai hata akiwa na vikombe vingi.

5. Ulinzi wa mtoto

Mafunzo yafanyike mahali pa wazi. Kocha asibaki na mtoto mmoja chumbani, asimwandikie ujumbe wa siri, wala asimpe zawadi za kufichwa. Mwambie mwanao: "Mtu mzima akikuambia usimwambie mama, njoo uniambie." Ukiona dalili ya unyanyasaji, piga simu ya bure ya watoto, 116, au ya kituo cha Isange kinachohudumia walionyanyaswa, 3029.

6. Simamisha mchezo mara moja

- Mtoto amezimia au anaumwa kifua.
- Amegongwa kichwa, kisha anatapika, anachanganyikiwa au anaumwa kichwa. Asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa.
- Anachechemea, au maumivu yanamwamsha usiku.
- Kiungo kimevimba au kimepinda.

Kwa dharura piga 912, upate gari la wagonjwa.

7. Pasipo na ada

Asiye na pesa ya akademi hajamnyima mtoto afya. Kamba na uwanja wa jirani vinatosha. Tangu 2016 Kigali ina Jumapili zisizo na magari katika baadhi ya barabara: tokeni pamoja, mama, baba na watoto, mkimbie bila kulipa chochote.

Mzazi mwenzangu, kabla hujalipa ada ya mwezi wa kwanza, nenda ukakae pembeni ya uwanja na utazame somo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikiliza kocha anavyomwita mtoto aliyekosea. Usiporidhika na unachosikia, mchukue mwanao mrudi nyumbani, na mtafute kocha mwingine.