Nusa Uji, Pooza Uji: Mazoezi ya Kutulia kwa Watu Wenye Ulemavu na Wanaowatunza

“Fumbeni macho,” niliwaambia. Walikuwa watu tisa sebuleni kwa mama mmoja hapa Bombo, mvua ya vuli inapiga bati, nami nimekuja kufundisha namna ya kupunguza msongo wa mawazo. Wanane walifumba. Wa tisa, kijana kiziwi, aliangaza huku na huku, akaona wenzake wamefumba, naye akafumba. Kuanzia hapo hakupata neno hata moja, kwa sababu yeye husikia kwa macho, na mimi ndiye niliyeyafunga. Dakika kumi baadaye wenzake walikuwa wanajinyoosha, wanapiga miayo, wanaulizana kama mahindi yameshapandwa. Yeye bado amefumba macho, amekaa wima, hajui kama tumemaliza.

Siku hiyohiyo nilikuwa nimeshamkosea bibi mmoja aliyepata kiharusi. Nilisema, “Kunjeni ngumi zote mbili, kazeni, kisha achieni.” Akautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, kisha akanitazama mimi. “Mwanangu, huu uliniaga mwaka juzi.” Watu wakacheka. Mimi nikaona aibu.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya nyumba kama ile. (Bombo hii ni yetu ya Same, Upareni, siyo ile ya hospitali ya mkoa kule Tanga. Ukisema umetoka Bombo, watu huanza kukupa pole.) Neno lenyewe ni moja: zoezi ndilo linalokatwa na kushonwa likamwenea mtu, kama nguo kwa fundi. Mtu hakatwi akalienea zoezi.

Lilishonwa kwa mwili wa nani?

Zoezi la kukaza misuli na kuilegeza, lile lililomshinda bibi yetu, lilitungwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, ambaye kitabu chake kilichapishwa Chicago mwaka 1929. Aliona kwamba msuli ukilegea, na wasiwasi hupungua. Hilo ni kweli, na zoezi lake linasaidia wengi mpaka leo. Lakini lilimtaka mtu alale mahali tulivu, awe na viungo vinavyomtii na masikio ya kupokea maelekezo, na asiwe na mtoto anayelia chumba cha pili.

Majirani zetu Uganda wameonyesha kwamba kushona upya kunawezekana. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake karibu 700 waliokimbia vita Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mafunzo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Waliofundishwa walikutana mara tano, wakisikiliza maelekezo yaliyorekodiwa kwa sauti, na wakapewa kitabu cha picha ambacho hata asiyejua kusoma angeweza kukifuata. Matokeo yalitolewa 2020: miezi mitatu baada ya mafunzo, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuyapata.

Mwaka huohuo shirika hilo lilitoa kitabu cha picha kwa ajili ya watu wote. Humo kuna zoezi linalomwambia mtu akandamize miguu sakafuni, aisikie ikigusa chini. Zoezi zuri. Lakini aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akaumia uti wa mgongo, akandamize nini? Akandamize viganja kwenye mikono ya kiti mwendo chake, au aegemeze mabega ukutani ausikie ukuta. Kinachotafutwa ni mwili kupata pa kushika wakati mawazo yanakimbia. Miguu ni njia mojawapo tu.

Anza na uji

Pumzi ndiyo pa kuanzia, maana kila aliye hai anayo. Shika kikombe cha uji, mvuke unapanda. Nusa polepole kwa pua, kama mtu anayetaka kujua uji huu umetiwa tangawizi au la. Kisha pooza. Midomo ichongoke kidogo, hewa itoke taratibu, uso wa uji ufanye viwimbi bila kuruka nje ya kikombe. Kupooza kuwe kurefu kuliko kunusa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukizoea kupooza uji utajikuta karibu na 6. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguzia moyo mbio, kupitia neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, ikapita kifuani, hadi tumboni. Dakika tatu zinatosha kwa kuanzia.

Nimechagua uji badala ya kuhesabu moja mpaka nne kwa sababu uji unamfikia kila mtu. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hahitaji kujua namba, anakuiga tu. Asiyeona anapata joto viganjani na harufu puani. Kiziwi anaiona midomo yako. Mwenye mikono inayotetemeka apewe kikombe kitupu: uji wa moto na mkono unaoruka havikai pamoja.

Mwenye pumu asibane pumzi. Anuse, apooze, basi. Mwenye kifafa asihemeshwe harakaharaka, kwani kuhema kwa nguvu kunaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu, na zoezi lolote halichukui nafasi ya dawa zake hata siku moja. Aliyeumia shingo huwa na misuli dhaifu ya kifua. Pumzi yake ni fupi, na hiyo fupi ndiyo apooze nayo. Usimsimamie ukimwambia “vuta zaidi.”

Misuli isiyotii

Nilirudi kwa yule bibi wiki iliyofuata. Mkono wa kushoto aliukaza na kuulegeza kama kawaida. Kisha akaupitisha huo wa kushoto juu ya wa kulia, kuanzia begani mpaka vidoleni, taratibu, kama anayembembeleza mjukuu. Wa kulia haukukazwa wala haukuvutwa. Mkono uliopooza usivutwe kamwe, hata unapomsaidia mtu kuinuka, kwa sababu bega lake huwa limelegea na huumia upesi.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo unaokakamaza mwili, kukaza kuondolewe kabisa. Misuli yake imekaza kutwa nzima. Kumwambia aikaze zaidi ni kumtafutia mkakamao. Mwegemeze vizuri, kichwa kikae katikati, magoti yakunjwe kidogo juu ya khanga iliyoviringishwa. Msogeze polepole. Mlango ukibamizwa au sufuria ikianguka, mwili mzima unaruka na mnaanza upya, kwa hiyo wadogo zake waambiwe mapema.

Aliyekatwa mguu anaweza kukuambia kwamba vidole ambavyo havipo vimejikunja na vinamuuma. Huo si uchawi wala kuchanganyikiwa: ubongo bado unaujua ule mguu. Afikirie anavikunjua kimoja baada ya kingine, huku mguu wake mzima ukifanya hivyo kweli. Wengine hupata nafuu. Asiyeipata asiambiwe hakutia nia.

Sasa jambo la hatari, na hili lisomwe kwa sauti nyumbani. Mtu aliyeumia uti wa mgongo shingoni au sehemu ya juu ya kifua akipata ghafla kichwa cha kugonga, uso ukaiva, jasho likamtoka juu ya pale alipoumia, msidhani ni wasiwasi na msimwambie apooze uji. Presha yake inapanda kwa kasi. Mkalisheni wima, mlegezeeni nguo na mkanda, kisha mtafute kinachousumbua mwili pale asipohisi. Mara nyingi ni mpira wa mkojo uliojikunja au kuziba, kibofu kilichojaa, choo kilichokwama, au kidonda cha kulalia. Hata mkikipata, asipotulia mara moja mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi.

Macho, masikio, na mguso

Na yule kijana? Tulikubaliana kwa ishara kabla ya kuanza. Zoezi lote nalionyesha kwanza, macho yote wazi: mkono wangu ukipanda, navuta; ukishuka, naachia. Akishalielewa anaamua mwenyewe afumbe au asifumbe, na nikimgusa goti mara mbili tumemaliza. Kiziwi aliyesoma shule ya viziwi, kama ile ya Mwanga, ana lugha ya alama kamili. Ambaye hakusoma, mara nyingi nyumba yake ina alama zake. Waulize dada zake, wanazijua kuliko mtaalamu yeyote.

Kwa asiyeona makosa ni mengine. Tunamwingiza chumbani, tunanyamaza, tunadhani ukimya ni utulivu. Kwake ukimya huo ni watu asiowajua wanaomtazama. Mwambie kwanza nani yupo, mlango uko wapi, zoezi litachukua muda gani. Usimguse kabla hujasema unataka kumgusa. Na ukimtaka apeleke mawazo mahali pazuri, acha habari za rangi za machweo. Mpe maji yanayokimbia mferejini, udongo unaonukia mvua ya kwanza, makande yanayotokota jikoni.

Mtoto mwenye usonji anayejiyumbisha au kupapatika mikono, mara nyingi hapo ndipo anapojituliza. Kumshika kwa nguvu ili “atulie” ni kumnyang’anya zoezi lake.

Dhiki isiyoondoka kwa pumzi

Kuna mambo mazoezi haya hayayatatui, na kuyafundisha kana kwamba yanayatatua ni dhuluma. Milima yetu mnaijua. Mtu wa kiti mwendo anayeishi njia ya kupanda Vuje hawezi kufika zahanati peke yake. Masika ikianza, hata bodaboda zinateleza. Akikaa ndani miezi akakonda kwa mawazo, anachokosa ni watu wanne wa kumbeba na njia iliyochongwa, na kupumua peke yake hakutamshusha mlima. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya huduma za afya na ya kushiriki mambo ya jamii yake. Kikao cha kijiji ndicho mahali pa kulisemea hilo.

Kabla ya zoezi lolote, kwa hiyo, uliza: una kiu? Umekaa vibaya? Kuna mahali panauma? Unataka kwenda haja? Ukimtuliza mtu ambaye ana kidonda, umemnyamazisha tu. Na akiwa halali usingizi, hali, au anasema afadhali afe, asiachwe peke yake. Mpelekeni siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Kilutheri ya Gonja. Matatizo makubwa ya uti wa mgongo na viungo bandia hupelekwa KCMC, Moshi.

Anayebeba

Nimemweka mlezi mwishoni, kama afanyavyo yeye mwenyewe. Mama wa mtoto asiyetembea humbeba mgongoni akiwa na kilo 8, na bado anambeba akiwa na 25. Anakula wa mwisho. Ukimwambia afanye zoezi la kutulia dakika tatu, atakuuliza amwache mtoto na nani, na swali lake ni la haki. Afanye anapoweza: akisubiri maji yachemke, akiwa amempakata mtoto mwenyewe, kifua chake kikipanda na kushuka mgongoni kwa mtoto. Watoto wengi hutulia na pumzi hiyo bila kufundishwa.

Nawe jirani uliyesomewa kijitabu hiki, leo jioni nenda kamshikie mtoto nusu saa. Anywe uji wake ukiwa bado wa moto.