Sahani na Salamu

Mzee akaaye peke yake huona njaa mbili: ya tumbo na ya moyo. Mwaka 1954, mjini Philadelphia, Marekani, chama cha hisani kilianza kuwapelekea wazee chakula nyumbani kwa mikono ya vijana wa kujitolea. Aprili 2020, wakati wa Korona, serikali ya jimbo la California iliamua kuilipa mikahawa iwapikie wazee waliotakiwa wasitoke nyumbani. Wapishi wakapata kazi, wazee wakapata chakula. Lakini sahani iachwayo mlangoni hushibisha njaa moja tu. Basi, ndugu msomaji, kazi na igawanywe: mwenye mkahawa apike, chama kipeleke, naye apelekaye abishe hodi, asalimie, aketi, asikilize. Hapo mzee atashiba kweli.