Maneno ya Akili

Watoto, leo tunajifunza kuchagua maneno. Someni polepole.

Watu wa Mabalako huvuna kakao. Huianika juani, kisha huipeleka kwa mnunuzi. Tuseme mnunuzi mmoja ameharibu mizani yake, hata kilo 12 zinaonekana kuwa 10 tu. Mkulima anapokea fedha pungufu, anarudi nyumbani. Jioni watu wanacheka na kusema, “Mnunuzi yule ana akili sana!”

Je, neno hilo linafaa? Anajua kufikiri, hatukatai. Lakini lugha yetu inalo jina lake: huyo ni mjanja. Akili ni kipawa cha kufahamu, na kila mtu anayo. Ujanja ni akili iliyotumiwa kwa hila. Ukimwita mdanganyifu “mwenye akili”, umemsifu, na mkulima aliyeibiwa anabaki kama mtu asiye na akili. Kumbe alikosa kitu kimoja tu: hakujua kusoma mizani.

Asiyejua jambo huitwa mjinga. Neno hili si tusi, ingawa watoto wengi humtupia mwenzao kama jiwe. Sisi sote tulizaliwa wajinga. Mpumbavu ni mwingine: huyo ameonyeshwa, naye hataki kuona. Mjinga akifundishwa anaerevuka. Ndiyo maana wazee husema, “Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani.” Siku mkulima atakapopima kakao yake nyumbani kabla ya kwenda kuuza, mnunuzi yule ataona haya.

Mmesikia neno “mwerevu”. Mlitumie kwa uangalifu. Mwerevu ni mtu mwepesi wa kufahamu na kutafuta njia. Mara ni sifa, mara ni lawama. Sungura akiponyoka mbele ya Simba, tunamwita mwerevu. Akila asali ya wenzake, tunamwita mjanja. Tazama kwanza alilotenda, ndipo uchague neno.

Yako maneno mengine mawili, busara na maarifa. Tutayafahamu kwa habari ya kweli.

Mwaka 1976 daktari Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa Yambuku. Watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, akaona kwamba damu iliendelea kutoka hata baada ya sindano kuondolewa. Kwa habari ya ugonjwa ule alikuwa mjinga, kama madaktari wote wa dunia. Lakini alinawa mikono kwa maji na sabuni. Hiyo ni busara: kujilinda na hatari hata kabla ya kujua jina lake. Baadaye ugonjwa huo uliitwa Ebola.

Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa kwetu, katika Mangina. Dawa zilijaribiwa Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Mwaka 2019 mbili zilionekana kuwa bora, na moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit. Hayo ndiyo maarifa: kujua kulikokusanywa kidogo kidogo, hapa kwa miaka 43.

Wakati ule wako watu wa kwetu waliowakimbia waganga. Msiwaite wapumbavu upesi. Mwenye hofu ni mwoga, si mpumbavu. Aliyesadiki uongo kwa kukosa habari ni mjinga. Aliyeutunga uongo huo kusudi, mtafutieni jina ninyi wenyewe.

(Neno “hekima” tumeliacha kwa somo lijalo. Linahitaji nafasi yake.)

ZOEZI

Andika katika daftari neno linalofaa.

1. Mtoto hajui kusoma saa, kwa sababu hakufundishwa. Yeye ni ……
2. Mama anachemsha maji ya kunywa kabla ya kuwapa watoto. Yeye ana ……
3. Kijana anaficha mawe katika gunia la kakao. Yeye ni ……
4. Mwenzako ameshindwa hesabu leo, na kesho atajaribu tena. Utamwitaje? Eleza kwa nini.