SOMO LA MWEZI: TWENDE PAMOJA ZIWANI

Andiko la msingi: Yohana 21:1-14
Maandiko mengine: Luka 5:1-11, Mathayo 13:47-48, Marko 4:35-41, Matendo 27:37-44
Shabaha ya somo: Kuona jinsi Bwana anavyokutana na jamaa na marafiki wanaokwenda kuvua, na kujifunza kwenda ziwani kwa hekima.

 

Somo hili limetoka katika maswali yenu wenyewe. Shule zinapofungwa, watoto wanaomba wazazi wawapeleke ziwa Nakivale kuvua kwa ndoana. Wazazi wengine wanakubali kwa furaha. Wengine wanakataa kabisa, kwa sababu katika nyumba yao yuko mtu aliyechukuliwa na maji wakati wa kukimbia vita. Na wengine wanauliza: Je, ni halali mkimbizi anayeishi kwa mgawo kukaa siku nzima kando ya maji na marafiki zake? Tuyaweke maswali haya mbele ya Neno la Mungu.

UTANGULIZI: ZIWA LA GALILAYA NA MAZIWA YETU

Ziwa la Galilaya, ambalo Yohana analiita bahari ya Tiberia, si kubwa. Urefu wake ni kama kilomita 21, upana kilomita 13, na kina chake ni kama mita 43. Sisi tuliotoka Uvira, Baraka, Fizi au Kalemie tumekulia kando ya Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika karibu mita 1,470. Lakini udogo wa Galilaya usitudanganye. Upepo unashuka ghafla kutoka vilimani, na wavuvi wazoefu walilia kwa hofu ndani yake.

Hata samaki wa huko ni ndugu wa samaki wetu. Wako wa jamii ya ngege, na yuko kambare yule yule tunayemjua hapa Afrika. Mwaka 1986, wakati wa ukame, maji ya ziwa hilo yalipungua, na ndugu wawili wavuvi wakaona mtumbwi wa kale ndani ya matope. Wataalamu waliuchunguza, wakaona ni wa karne ile ya kwanza. Urefu wake ni zaidi kidogo ya mita 8, na umetengenezwa kwa mbao za aina nyingi, zingine zimekwisha kutumika mahali pengine, tena una viraka. Basi tunapowasoma Petro na wenzake, tusifikiri habari za matajiri. Ni watu wa viraka kama sisi.

1. SIMONI HAKWENDA PEKE YAKE

Yohana anataja wanafunzi saba: Simoni Petro, Tomaso, Nathanaeli wa Kana, wana wawili wa Zebedayo, na wengine wawili ambao majina yao hayakuandikwa. Petro alisema anakwenda kuvua, nao wakamjibu kwamba watafuatana naye.

Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Walikuwa wamemwona Bwana akifa, kisha wamemwona akiwa hai, lakini hawakujua kesho itakuwaje. Petro alikuwa na jeraha la kumkana Bwana. Marafiki hawakumwacha abebe mawazo yake peke yake usiku ndani ya mtumbwi. Tena tuangalie: Kana ulikuwa mji wa bara, si wa ziwani. Nathanaeli hatajwi popote kuwa mvuvi, lakini alipanda chomboni kwa ajili ya urafiki.

Wahubiri wengine hufundisha kwamba safari hii ilikuwa dhambi, kwamba Petro alirudi nyuma. Tumesoma sura hii mstari kwa mstari na hatuoni Bwana akimkemea kwa sababu ya kuvua. Anamwuliza juu ya upendo, ndiyo, lakini baada ya kumlisha. Katika Marko 6:31 ni Bwana mwenyewe aliyewaita wanafunzi waende kando wapumzike kidogo, wakaenda kwa mashua. Basi kupumzika pamoja si kuasi.

Katika makazi yetu wako wababa wanaokaa ndani ya nyumba tangu asubuhi hadi jioni, hawasemi na mtu. Wamepoteza shamba, kazi na heshima. Ndugu, ukienda ziwani, pita kwa mtu wa namna hiyo umwite. Hata kama hajui kushika kasia, atashika kopo la kutoa maji mtumbwini. Mara nyingi mtu asiyeweza kuongea katika kikao huongea vizuri akiwa ameshika mshipi, macho yake yakitazama maji.

2. USIKU WA MIKONO MITUPU

Usiku ule hawakupata kitu. Wavuvi wa Tanganyika wanalijua jambo hili. Ndagala huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena ya kuwavuta, na wazee wetu walibaki nchi kavu wakishona nyavu, wakitembelea wakwe na kumaliza mashauri. Hawakugombana na mwezi. Walijua kuna siku za kuvua na siku za kungoja.

Hata nchi nzima hujifunza kungoja. Maji ya Tanganyika yameongezeka joto, wavuvi na nyavu wamekuwa wengi, na samaki wamepungua. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana.

Lakini kungoja kunaumiza mtu mwenye watoto. Hapa Uganda mgawo wetu wa chakula ulipunguzwa mwaka 2020, na ukapunguzwa tena baadaye kwa jamaa nyingi. Baba anayerudi nyumbani mikono mitupu anaona haya. Haya ikikaa moyoni inageuka kuwa hasira, na hasira inatafuta pombe au inampiga mke. Angalieni wale saba walivyofanya. Alipowauliza yule aliyesimama ufuoni kama wana kitoweo, walijibu neno moja la kweli: hawana. Hawakudanganya, wala hawakulaumiana nani alitupa wavu vibaya. Baada ya jibu hilo la kweli ndipo walipoonyeshwa mahali pa kutupa wavu.

Akina baba, tujifunze kusema kweli nyumbani. Akina mama, tuipokee kweli hiyo bila dharau. Nyumba inayoweza kusema pamoja kwamba leo hatuna, inaweza pia kuomba pamoja.

3. WAVU USIOHARIBU

Asubuhi ile walipata samaki wakubwa 153, na wavu haukupasuka. Zamani, katika Luka 5, nyavu zilianza kukatika, wakawapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje kuwasaidia, na vyombo vyote viwili vikajaa. Tunapata mafundisho mawili.

La kwanza, samaki walihesabiwa. Kilichopatikana pamoja kihesabiwe mbele ya wote. Safari nyingi za marafiki zimeishia katika ugomvi kwa sababu mwenye mtumbwi alichukua fungu lake kwa siri. Tukubaliane kabla ya kutoka: fungu la mtumbwi, fungu la nyavu, fungu la kila mtu. Na tusisahau fungu la mjane na mzee asiye na mtu. Yeye hakupiga kasia, lakini ni wa nyumba ya Mungu.

La pili, si kila kilicho majini ni cha kuchukua. Katika Mathayo 13 wavuvi wanaketi na kuchagua. Myahudi hakula samaki asiye na magamba (Walawi 11:9-12), kwa hiyo kambare alitupwa kando. Sisi tunamla kambare kwa shukrani, lakini na sisi tuna cha kuchagua: samaki wachanga tuwaache wakue.

Hapa tuseme wazi juu ya vyandarua. Chandarua tulipewa ili mtoto asipate malaria. Kikigeuzwa kuwa wavu kinaumiza mara mbili: mtoto analala bila kinga, na vifaranga vya samaki vinamalizika pamoja na chakula cha mwaka ujao. Tena ziwa hili lina wenyeji waliotupokea, na nchi ina sheria zake za uvuvi na leseni. Mgeni mwema haharibu kisima cha mwenyeji wake.

4. MOTO UFUONI

Walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana aliyefufuka alikuwa amepika! Kisha akawaomba walete na samaki waliowavua wao. Yeye alikuwa na chakula tayari, lakini hakudharau kazi ya mikono yao.

Kwetu wanaume huvua na wanawake hupika. Hatupingi desturi, lakini ikiwa Bwana aliwasha moto kwa ajili ya wenzake waliochoka, mwanamume gani atasema ni aibu kwake? Siku ya kwenda ziwani na jamaa, mama naye akae aletewe sahani.

Moto huo pia ni shule. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa Uganda, hawajaiona Tanganyika. Wanajua ngege na kambare wa Nakivale, lakini ukiwatajia ndagala, mukeke, sangala au kuhe wanacheka kama wamesikia majina ya kigeni. Wakati samaki anakaangwa, waambieni babu alivua nini, mtumbwi wake ulichongwa kwa mti gani, na bibi alianikaje ndagala mchangani. Hatukuweza kubeba ziwa tulipokimbia. Majina tuliyabeba, nayo ni urithi.

5. NENO KWA WALIOPOTEZA WATU MAJINI

Tunajua somo hili ni zito kwa baadhi yenu. Wengi wetu tulivuka Tanganyika mwaka 1996 na miaka iliyofuata. Ndugu wa Ituri walivuka ziwa Albert kwa maelfu mwaka 2018. Tarehe 22 Machi 2014 chombo kilichojaa kupita kiasi kilizama katika ziwa hilo la Albert. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao wakimbizi wenzetu waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka Kyangwali.

Mama, kama unaogopa maji, huna upungufu wa imani. Wanafunzi walimwogopa Mungu, tena waliogopa dhoruba, naye Bwana alikuwa chomboni pamoja nao. Asikulazimishe mtu kupanda mtumbwi. Soma tena Yohana 21 uone Bwana alikuwa wapi asubuhi ile. Hakuwa ndani ya mashua. Alisimama ufuoni, akatunza moto. Wewe ukikaa kwenye moto, upo mahali alipokuwa Bwana. Anza hapo. Siku nyingine ukitaka kusogea mpaka maji yaguse miguu, tutasogea pamoja nawe. Usipotaka, tutakula pamoja nawe.

6. KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Imani haikatazi akili. Jamaa yoyote inayokwenda ziwani ishike mambo haya:

a) Agana na watu. Acha nyumbani majina ya wanaokwenda na saa ya kurudi.
b) Hesabuni watu mkiondoka na mkirudi. Luka aliandika kwamba katika merikebu ya Paulo walikuwa watu 276, na wote wakafika nchi kavu.
c) Kila mtu avae jaketi la kuokolea, mtoto na mtu mzima. Kama majaketi hayatoshi, vueni kutoka ufuoni. Jerikani tupu lililofungwa husaidia kidogo, lakini si jaketi.
d) Msijaze mtumbwi. Mwenye mtumbwi akisema bado mtu mmoja tu, shukeni.
e) Tazameni mbingu na upepo. Kurudi bila samaki si aibu.
f) Kaeni mbali na viboko, hasa alfajiri na jioni wanapopita kwenye majani.
g) Pombe isiingie mtumbwini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni nani jirani yetu ambaye amekaa peke yake muda mrefu? Nani atakwenda kumwita?
2. Katika nyumba yetu, baba au mama anaporudi bila kitu, tunampokeaje?
3. Vyandarua vyetu viko wapi leo usiku?
4. Kila mzee ataje samaki mmoja wa kwao na namna anavyovuliwa. Watoto warudie jina.
5. Je, yuko kati yetu anayelia mtu aliyezama? Asikilizwe bila kuharakishwa, kisha aombewe.

OMBI

Ee Bwana Yesu, uliyewangoja wenzako ufuoni, utungoje na sisi. Wakumbuke waliobaki majini, na uwafariji wanaowalilia. Wape watoto wetu samaki, na uwape pia hekima ya kurudi nyumbani salama. Utufundishe kuhesabu kwa haki na kugawa kwa upendo. Amina.