Chura wa Kihansi

Jumatano

Soma Mwanzo 2:15, 19. Adamu alipewa kazi zipi kuhusu bustani na wanyama? Kazi hizo mbili zinahusianaje?

Mvua zinaponyesha, watoto huona jambo lilelile dimbwini. Chura hutaga mayai yenye ute. Mayai huangua viluwiluwi wanaopumua kwa matamvua kama samaki. Miguu ya nyuma huchomoza, kisha ya mbele. Mkia hufupika hadi kwisha, mapafu huanza kazi, na kiumbe wa majini hutoka kwenda nchi kavu.

Chura mdogo wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, hapiti njia hiyo. Mama hatagi mayai. Watoto hukua ndani ya mwili wake, nao huzaliwa wakiwa vyura kamili, wadogo kuliko ukucha wa kidole cha mtoto. Hawahitaji dimbwi, wanahitaji manyunyu ya maporomoko ya maji. Hawajawahi kupatikana mahali pengine popote duniani.

Chura huyu aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua sana. Taifa lilihitaji umeme, na hakuna aliyekusudia kumwangamiza chura. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa bondeni, lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini.

Hata hivyo, mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani ili watunzwe. Wazao wao walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine waliachiliwa tena Kihansi.

Soma Luka 12:6 na Mithali 12:10. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu viumbe ambavyo watu huviona havina thamani?

Yesu alitaja ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, akasema Mungu hamsahau hata mmoja wao. Adamu naye asingeweza kuwapa wanyama majina bila kuwatazama. Utunzaji huanza na kufahamu. Aliyedhani kila chura anahitaji dimbwi tu asingeona hasara yoyote manyunyu yalipopungua. Ndivyo ilivyo hata nyumbani na kanisani: mara nyingi tunamwumiza mtu kwa sababu hatukujua anachohitaji, wala hatukuuliza, ijapokuwa hatukumchukia.

Tafakari: Ni nani aliye chini ya utunzaji wako ambaye hujachukua muda kumfahamu? Utafanya nini juma hili?

Jadilini darasani: Jamii inapohitaji umeme, shamba au barabara, Mkristo apimeje mahitaji ya watu pamoja na wajibu wa kuvitunza viumbe vya Mungu?