Begi la Safari ya Ng'ambo
Kijitabu kwa wasafiri wa Nyalukemba: nini cha kubeba, na kwa majira gani

Kijitabu hiki ni cha watu wa Nyalukemba, hapa Bukavu, wanaojiandaa kwenda ng'ambo: mwanafunzi aliyepata nafasi Liège, mama anayekwenda Brussels au Montréal kumsaidia binti aliyejifungua, mfanyabiashara anayefuata bidhaa Guangzhou, mgonjwa anayepelekwa India pamoja na ndugu wa kumsindikiza. Wote wanatoka katika mji wenye hewa ya upole. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la Bukavu huzunguka nyuzi 20 mwaka mzima. Majira tunayoyajua ni mawili: mvua kuanzia Septemba mpaka Mei, kisha vumbi la Juni, Julai na Agosti. Ndiyo maana mtu wetu akiambiwa kwamba kule ni baridi, hukumbuka asubuhi ya Julai pale Muhumba, upepo ukitoka ziwani, akatia sweta moja kwenye begi na kujiona amejiandaa.

Sweta hiyo moja itamtesa. Brussels mwezi wa Januari wastani wa joto ni nyuzi 3 au 4. Montréal ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri, na usiku mwingine hushuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Hiyo ni baridi ambayo mwili uliokulia hapa haujawahi kukutana nayo.

Panga kwa ajili ya siku ya kufika

Ushauri wetu mkubwa ni huu: begi lipangwe kwa ajili ya siku ya kwanza baada ya kushuka ndege. Vingine vinaweza kununuliwa huko, mara nyingi kwa bei nafuu, tena vikiwa vimeshonwa kwa ajili ya hali ya hewa ya huko. Lakini saa ile ya kutoka uwanjani kusubiri gari au treni hainunuliki. Kwa hiyo nguo za baridi zisikae chini kabisa ya begi kubwa ambalo linaweza kuchelewa au kupotea. Koti livae au lishike mkononi. Kofia, glavu na soksi nzito ziwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Kwa watoto tunalisisitiza hili zaidi, maana mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima na hajui kulisema mapema.

Majira ya baridi: Desemba, Januari, Februari

Watu wengi wanadhani dawa ya baridi ni nguo moja nene sana. Kumbe kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, kwa hiyo nguo tatu za wastani hushinda koti moja zito lililovaliwa juu ya shati. Ya ndani iwe nyepesi na ibane mwili. Ya kati iwe sweta ya sufu au kitambaa chenye manyoya. Ya nje izuie upepo na maji. Pamba tunaipenda hapa nyumbani, lakini ikilowa jasho hukaa na unyevu na kukupoza mgongoni, wakati sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Faida nyingine ya kuvaa hivi ni kwamba ndani ya nyumba, madukani na ndani ya treni kuna joto la mashine. Huko ndani utavua moja, ukitoka utavaa tena.

Viatu visikubane. Ukinunua, jaribu ukiwa umevaa soksi nzito, maana kiatu kinachobana huzuia damu na vidole hufa ganzi. Angalia na soli pia: ile laini ya viatu vya kanisani huteleza juu ya barafu, na kila mwaka wageni huvunjika mikono kwa kuanguka njiani.

Bebeni mafuta mazito ya ngozi na ya midomo. Hewa ya nyumba zinazopashwa joto ni kavu sana, na ngozi hupasuka ndani ya siku chache. Lakini mafuta ya kujichubua yaacheni. Hydroquinone, dawa iliyomo katika mengi ya hayo, imepigwa marufuku katika mafuta ya ngozi ndani ya Umoja wa Ulaya, na Rwanda, ambako wengi wetu hupita, nayo hukamata bidhaa hizo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni giza. Brussels mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasoro asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mgeni huingiwa na huzuni bila kujua sababu. Jitahidi kutoka nje mchana, hata kama hali ya hewa haivutii.

Kuhusu mahali pa kupata koti: katika mitumba ya soko la Kadutu makoti mazito ya Ulaya hutokea, na hayana wanunuzi wengi kwa sababu hapa hayana kazi. Jaribu zipu juu na chini, pekua mishono ya kwapani, nusa kama lina ukungu. Ukipata zuri, hilo linatosha kukufikisha. Usitumie fedha zote za safari kununua koti la pili.

Majira mengine, na nchi nyingine

Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba, Ulaya hubadilika ndani ya siku moja: baridi asubuhi, jua saa sita, mvua jioni. Jaketi jepesi lisilopitisha maji lina faida kuliko mwavuli, ambao upepo wa huko huugeuza nje ndani. Majira ya joto, Juni mpaka Agosti, msibebe nguo nzito kwa kuogopa jina la Ulaya. Tarehe 25 Julai 2019 sehemu kadhaa za Ubelgiji zilipita nyuzi 40, joto ambalo Bukavu haijui kabisa. Fulana nyepesi, kofia ya jua na sweta moja ya jioni vinatosha.

Afrika Kusini majira yamegeuka. Julai ni baridi, usiku wa Johannesburg hukaribia sifuri, na nyumba nyingi hazina mashine ya kupasha joto, kwa hiyo utalala na sweta. Dubai mwezi huohuo hupita nyuzi 40 nje, lakini madukani hupozwa mpaka mtu akatetemeka. Guangzhou, Julai na Agosti ni joto la unyevu na mvua kubwa. Wanaokwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Aprili na Oktoba hukuta hali nafuu zaidi.

India inahitaji kuulizwa jina la mji. Chennai haina baridi ya kutisha mwaka mzima. Delhi hupita nyuzi 40 mwezi wa Mei na Juni, lakini usiku wa Januari hushuka chini ya 10 pamoja na ukungu mzito. Msindikizaji wa mgonjwa abebe kitenge kizito na sweta hata wakati wa joto, kwa sababu vyumba vya hospitali hupozwa usiku kucha.

Njia ya kutoka hapa

Wengi wetu safari huanzia mpaka wa Ruzizi ya Kwanza, kisha Kamembe upande wa Rwanda, kisha Kigali. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mizigo hupekuliwa mpakani. Usifunge viatu wala chakula kwenye sachet. Tumia mifuko ya kitambaa au karatasi, la sivyo utapangua begi zima barabarani huku foleni ikikusubiri. Ukienda Kigali kwa basi, barabara hupanda ndani ya msitu wa Nyungwe ambako ni baridi hata kiangazi. Sweta iwe mapajani.

Vifurushi vya ndugu

Tunajua begi la msafiri wa Bukavu linavyojaa. Shangazi analeta sambaza, jirani sombe, mwingine jibini la Masisi, na msafiri anaona haya kukataa. Mwishowe nguo zake mwenyewe zinaachwa nyumbani. Ndege nyingi huruhusu kilo 23 kwa begi. Pimeni siku mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka huku kuingia na nyama wala maziwa, kwa hiyo jibini litatupwa. Majani mabichi ya sombe yanahitaji cheti cha afya ya mimea tangu Desemba 2019. Na kuna sababu gani ya kuyabeba, wakati sombe iliyotwangwa na kugandishwa inauzwa Matonge, hapohapo Brussels? Sambaza waliokaushwa vizuri wanakubalika, samaki mpaka kilo 20 kwa mtu. Kanada kila chakula lazima kitangazwe kwa watu wa forodha. Nyama ya porini na pembe za ndovu hazibebwi kwenda popote.

Kifurushi kilichofungwa ambacho hukukiona kikifungwa, usikipokee, hata kama ni cha mtu wa kanisa lenu. Kikikutwa na kitu kibaya, atakayeulizwa ni wewe.

Mkoba wa mkononi

Ndani yake: pasipoti, kadi ya njano ya chanjo, dawa zako ndani ya maboksi yake pamoja na barua ya daktari, na picha za eksirei kwa wanaokwenda kutibiwa. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kadi yake inafaa maisha yote. India humweka karantini mpaka siku 6 anayetoka kwetu bila kadi hiyo. Betri ya ziada ya simu hukaa mkononi, kamwe si kwenye begi kubwa, kwa sababu inaweza kuwaka moto. Vimiminika visizidi mililita 100 kwa kila chupa.

Andika kwenye karatasi anwani na namba ya simu ya mtu atakayekupokea, maana simu inaweza kuzimika. Nakala ya pasipoti na ya karatasi hiyo iachie familia, na mtu mmoja nyumbani ajue ndege inatua saa ngapi.